Maktaba ishalipiwa, ila hakuna aliyeambiwa

Wiki za kusabmiti projekti saiba yetu hujaa mpaka watu wakangoja kibarazani, wengine wameketi juu ya makreti ya soda na laptopu mapajani, wengine wamesimama na flashi mkononi wakiulizana kama mashine ya baindingi ishapona. Tuko karibu na chuo, sitasema kipi, Mombasa ni ndogo na watu hukasirika. Kazi yangu mimi ni kuprinti, kufotokopi, kufunga ripoti, kupanga kurasa za yaliyomo zilizoparaganyika, na kwa vile nilisomea ukutubi kabla maisha hayajanileta huku, hua naulizwa swali moja ambalo si la saiba kabisa: "Ami, waweza kunitolea hii peipa?"

Ananionyesha simu. Skrini imekwama pale pale wanapokwama wote, kuna jina la peipa, yani makala ya utafiti, kuna abstrakti mistari kumi hivi, halafu kisanduku cha bei, dola 30 na kitu, wakati mwengine karibu 50. Kwa shilingi zetu ni elfu nne mpaka elfu sita na ushei, peipa moja, kurasa kumi na mbili, na huenda anachokitaka yeye ni jedwali moja tu la ukurasa wa saba. Mtoto wa watu katoka Mishomoroni na matatu, mfukoni ana pesa za kuprinti na nauli ya kurudi. Nikimuuliza, chuo chenu si kina logini ya maktaba, ushawahi kuitumia? Huniangalia kama nimemuomba nambari ya simu ya gavana.

"Logini gani?"

Hapo ndo hua napandwa, manake hio peipa mara nyingi ishalipiwa. Ishalipiwa na chuo chake, kwa pesa ambazo ndani yake mna karo ya babake.

Ngoja nieleze kidogo. Kenya tuna muungano wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti, unaitwa KLISC, ulianza 2003. Kwa lugha ya mtaani ni chama. Kila maktaba inatoa fungu lake, halafu wanakwenda kwa wachapishaji wakubwa wakiwa kundi, kina Emerald, Taylor & Francis, Sage, wanagombana bei, na chuo kidogo kinapata majarida ambayo peke yake kisingeyaweza hata kikiuza basi lake. Kando ya hapo kuna Research4Life, mipango ya kufungulia watu majarida, ambayo ilianza na Hinari 2002 ya mambo ya afya chini ya WHO, ikaja AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya teknolojia 2009, yote hayo kwa nchi ambazo hazina ubavu wa kulipa bei kamili, wengine bure wengine kwa pesa kidogo. JSTOR, hifadhi kubwa ya majarida mtandaoni, nao wana mpango wao wa Afrika, taasisi zisizo za biashara huingia bure au kwa bei iliyopunguzwa sana. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema vyuo vyetu havina vitabu, muulize vitabu vya aina gani, manake rafu za mbao ni kweli zina vumbi na toleo la uhasibu la zamani za kale, lakini upande wa mtandaoni kuna majarida mengi kuliko ambayo mwanafunzi wa miaka ya tisini angeweza kuyaota.

Shida iko kwenye namna mlango unavyofunguka. Mchapishaji kule aliko hamjui Mwanaisha wala Kazungu, anachokijua ni zile nambari za IP za chuo, yani anwani za mtandao wake. Ukiwa ndani ya ukuta wa chuo, kwenye wifi yao, peipa inafunguka yenyewe hata huulizwi jina. Ukivuka barabara kuja kwetu, ukanunua chai, ukafungua peipa ile ile kwa bando lako, imegeuka dola 35. Nshawahi kumwambia kijana mmoja azime data, atoke, asimame pale karibu na ukuta wao mpaka wifi ya chuo ishike, akatoka, akasimama juani kama dakika tano, akarudi na peipa tatu kwenye simu. Wenzake wakadhani nimefanya uganga.

Na hata kule kusimama ukutani si lazima. Ipo njia ya kuingia ukiwa nyumbani, maktaba huweka proksi kama EZproxy, au programu ya simu kama MyLOFT, unaingiza jina na paswadi yako ya maktaba na mchapishaji anakuona kana kwamba uko chuoni, hata kama uko Kinango chini ya mwembe. Lakini paswadi hio haiji yenyewe, lazima uende ukajiandikishe, na kujiandikisha lazima uambiwe kwamba kuna kitu cha kujiandikishia. Sasa uliza wataambiwa lini. Wiki ya kwanza ya fasti yia, kwenye hio hafla ya kuwakaribisha, mkutubi anapewa dakika zake baina ya mtu wa mikopo ya HELB na mtu wa hosteli, watoto wamechoka, maikrofoni inakoroma, nusu yao wanatafuta wa kukaa naye rumu, ndo anasimama mama wa watu kuwaelezea databesi. Akishuka jukwaani imetoka hio, mpaka mwaka wa nne supavaiza anapomwambia mtu aandike maelezo ya tafiti zilizotangulia na ndo anatanabahi hajawahi kusoma peipa hata moja maishani mwake.

Simlaumu mkutubi, wallahi. Nimewaona, wengi wao wanafanya kazi ya watu wanne. Ninaowalaumu ni wakubwa wa chuo wanaolipa pesa zote hizo kila mwaka na hawatengi hata saa mbili kwa muhula za kufundisha kila darasa, darasani, kwenye topiki ya darasa lile. Mwanafunzi wa uhandisi wa majini hataki hotuba kuhusu umuhimu wa maktaba, anataka umfungulie hapo hapo peipa ya kutu kwenye vyuma vya meli, aone, aseme alaa.

Basi kama hawajaambiwa wanafanya nini? Wanajitafutia. Kuna magrupu ya Telegramu na WhatsApp ambayo PDF zinapita kutoka mkono hadi mkono, nyengine zimepigwa picha na simu, kidole cha mtu kinaonekana pembeni ya ukurasa. Na kuna Sci-Hub, tovuti inayotoa bure peipa zilizofungwa bila idhini ya wachapishaji, ambayo ukiingia saiba yoyote karibu na chuo utaikuta kwenye historia ya brauza. Ilianzishwa 2011 na binti wa Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, wachapishaji Elsevier wakamshtaki Marekani na 2017 mahakama ya New York ikaamua alipe dola milioni 15, hela ambazo sidhani kama wamewahi kuziona. Mimi sitajifanya walii hapa. Biashara yenyewe ya majarida ina maajabu, mtafiti anaandika bure, mtafiti mwenziwe anaikagua bure, serikali imelipa utafiti wenyewe, halafu kampuni inauzia maktaba ile ile ya mtafiti na faida inapita asilimia 30. Ukimwambia hivyo muuza viazi karai wa Marikiti atakuuliza kama hio biashara bado ina nafasi.

Lakini kuna kitu nimekiona kwenye kuprinti projekti za watu. Mwisho wa 2020 wachapishaji walifungua kesi nyengine Delhi, na tangu hapo Sci-Hub imekua haiongezi peipa mpya kama zamani. Sasa supavaiza anataka vyanzo vya miaka mitano iliyopita, mwanafunzi anategemea Sci-Hub peke yake, matokeo yake ukiangalia orodha ya marejeleo unaona imejaa 2014, 2016, 2019, halafu kimya. Yani naweza kukwambia mtu alitumia mlango gani kwa kutazama miaka tu. Na peipa mpya anazozikosa ndo hizo hizo chuo chake kinalipia.

Halafu sasa kukaja ChatGPT. Dada mmoja anaandika kuhusu biashara ndogo ndogo za kina mama Likoni, kazi nzuri, kaenda kuhoji wenye vibanda hadi kwenye feri, kaja kunipa niprinti. Supavaiza kamrudishia, kasema vyanzo vitatu havipatikani. Tukakaa nikamtafutia. Cha kwanza jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, mwaka upo, lakini peipa yenyewe haipo, haijawahi kuandikwa. Cha pili kina DOI, ile nambari ya kuitambulisha peipa, nikaiingiza, ikafunguka peipa ya magonjwa ya samaki wa kufugwa, waandishi wengine kabisa. Cha tatu sikukitafuta, nikamtazama tu na yeye akanitazama. "Nilikiuliza kikanipa," akasema. Nikamwambia mamangu, kile hakina maktaba, kinajua tu marejeleo huonekanaje, kinakuchongea moja lifanane. Tukafungua Google Scholar, nikamuonyesha kile kiungo kilicho chini ya kila peipa cha kufungua matoleo yote, manake mara nyingi ile ya dola 35 ina pacha wake wa bure kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi. Nikamuwekea Unpaywall kwenye brauza, ambayo ukifika kwenye peipa iliyofungwa yenyewe inakutafutia nakala halali ya bure kama ipo. Nikamfungulia AJOL, majarida ya Afrika, ipo tangu 1998 na mengi yake yako wazi kabisa, humo ndani kuna watu wameandika juu ya kina mama wafanyabiashara wa nchi hizi hizi zetu, na yeye alikua anahangaika na peipa za Ohio. Akapata vyanzo tisa kabla ya adhuhuri. Na kuna ile akaunti ya bure ya JSTOR ya mtu binafsi, unasoma mpaka peipa mia moja kwa mwezi ukiwa kwenye mtandao, bila kuulizwa chuo. Hakuna aliyewahi kumwambia hata kimoja katika hivyo, na ni mwaka wa nne.

Kinachochekesha ni kwamba mji wenyewe ndo bandari ya intaneti. Kabla ya 2009 nchi nzima ilikua inategemea setilaiti, ghali na nzito, ukibonyeza kiungo unakwenda kununua mkate unarudi. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikatua hapa hapa Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na kuanzia hapa data ndo ikapanda bara. Vyuo navyo vina KENET, mtandao wao wenyewe wa elimu, na eduroam, ambayo ukisajiliwa chuo kimoja unashika wifi kwenye chuo chengine. Nyaya tunazo, ila mwanafunzi hajui zinafika wapi.

Sasa tuje kwa waliomaliza, manake hawa ndo wananiuma zaidi. Siku unavaa joho unarusha kofia, akaunti yako ya maktaba inahesabiwa siku. Miaka minne ulikua na maktaba ya dunia mfukoni (hukujua, lakini ulikua nayo), na baada ya hapo wewe ni mpita njia kama mimi. Mwalimu wa sekondari kule Kwale anayetaka kusoma kuhusu ufundishaji wa hesabu, nesi wa zahanati, afisa wa kaunti anayeandika ripoti ya mmomonyoko wa ufuo, hawa wote wana digrii na hawana peipa. Ndo wakati mtu anazihitaji kwa kazi ya kweli, sio kwa mtihani, na ndo wakati anafungiwa.

Njia moja waliyoigundua vijana itakushangaza. Kuna kazi ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, inajulikana, nusu ya vijana wenye laptopu hapa washaifanya au wana rafiki anayeifanya. Mteja yuko Uingereza, anataka insha ya kurasa kumi na vyanzo vya karibuni, na kwa kua vyanzo viko kwenye maktaba ya chuo chake, anampa kijana wa Kisauni logini yake yote, jina na paswadi. Kijana mmoja alikaa kwenye mashine yangu namba nne akiwa ndani ya maktaba ya chuo kikubwa cha Uingereza, anapekua majarida ya sheria za mazingira mpaka saa tano za usiku, na baada ya kumaliza insha ya mzungu akabaki humo humo ndani kujisomea mambo yake mwenyewe, alikua na wazo la masters kuhusu mikoko ya Tudor. "Ami, hii portali inakufa ijumaa," akaniambia, "jamaa anamaliza semista." Alikua anadaunlodi mbio mbio mpaka diski ikajaa. Digrii yake ni ya hapa hapa, halali, ya heshima, na njia pekee aliyoijua ya kusoma kuhusu mikoko anayoiona akiwa daraja la Nyali ni kuazima jina la mtoto wa mtu mwengine.

Na kama unasomea Kiswahili, mambo yanazidi. Mashairi ya Muyaka, huyu huyu Muyaka wetu wa Mvita aliyefariki mwaka 1840 hivi, yalikusanywa hapa mjini na mmishenari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na karatasi zikaishia chuo cha SOAS, London. Miswada ya tenzi za Lamu na Pate ipo London, ipo Hamburg, ipo Dar es Salaam. Habari njema ni kwamba sehemu ya hio miswada ishapigwa skani na unaweza kuitazama bila kuomba viza. Mbaya ni kwamba haionekani ukitafuta kama unavyotafuta vitu vengine, manake imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mkono, kompyuta haiisomi, kwa hivyo kinachokufikisha pale ni katalogi tu, yani ni mkutubi fulani aliyekaa akafungua kila karatasi akaandika hii ni nini, ya nani, inaanza na ubeti gani.

Kijana mmoja wa masters alipata picha za utenzi, akafurahi, alafu akakwama ukurasa wa kwanza. Nikamwambia chukua simu yako nenda Kibokoni kwa ustadhi mmoja ninayemjua, nikamsindikiza. Ustadhi akavaa miwani, akaishika simu mbali, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kusoma kwa mahadhi kabisa kama yuko maulidini. Herufi moja tu yaweza kua ba, yaweza kua pa, yaweza kua mba, sasa kama lugha huna huwezi kujua ipi. Alifika mahali akasimama, akarudi nyuma, akasema, "Hapa mnakili kasinzia, kina hakikai." Kijana anaandika mbio, mimi narikodi. Kwenye katalogi ule ubeti umewekwa kama ulivyo, hakuna alama ya kitu. Basi nikawaza, chuo kimenunua majarida ya dunia nzima, na huyu mzee hajawahi kualikwa hata kunywa chai kwenye maktaba yao.

Lamu wana mfano mzuri zaidi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kupitia mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, na sheria ya mradi ule ni kwamba vitabu vyenyewe havitoki nchini, nakala za kidijitali ndo zinazosafiri. Oktoba 2023 British Library ikavamiwa na wadukuzi waliotaka kikombozi, wakanyimwa, maktaba ikapotea mtandaoni, katalogi yake kuu ilirudi Januari 2024 na huduma nyengine zikachukua muda mrefu zaidi. Fikiria kama watu wa Lamu wangekua wametoa vitabu wakabaki na kiungo. Vitabu vilikua vimekaa kwao Lamu, vinasomeka bila paswadi.

Hifadhi zetu wenyewe za kidijitali sizisemi sana, nyingi zinaendeshwa kwa DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za vyuo, ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina tasnifu tele na inasaidia, nyengine kiungo kikifa leo hakifufuki mpaka mwaka ujao.

Nirudi kwa waliofungiwa, kwa sababu kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayelijua na ndo nilitaka nilitoe hapa. Mikataba mingi ya wachapishaji na maktaba za vyuo ina kifungu cha wageni wanaoingia kwa miguu. Maana yake, mtu asiye mwanafunzi wala mwalimu, akiruhusiwa na maktaba kuingia jengoni, anaweza kutumia majarida hayo kwenye kompyuta ya maktaba akiwa amekaa pale pale. Si kutoka nyumbani, pale pale tu, na chuo hakiongezewi bei kwa hilo. Kwa hivyo yule nesi, yule mwalimu wa Kwale, yule kijana wa mikoko, wangeweza kuja jumamosi wakakaa kwenye kiti, wakasoma, kihalali kabisa.

Nikaenda kuuliza kwenye chuo kimoja, sio hiki jirani. Mkutubi akanisikiliza vizuri, akafungua faili, akatafuta mkataba mmoja, akasoma, akasema ni kweli kifungu kipo. Akafurahi hata yeye. Nikamuuliza basi mtu wa nje akija jumamosi atafanyaje? Akasema aje tu na kitambulisho, kompyuta mbili zitakua zake, yeye mwenyewe yuko tayari kumuonyesha. Jumamosi nikamtuma mwalimu mmoja ninayemfahamu. Akanipigia saa nne asubuhi yuko getini, askari kamzuia, anataka kadi ya mwanafunzi. Nikamwambia mpe simu huyo askari. Nikamueleza kuhusu mkataba, kuhusu wachapishaji, kuhusu kifungu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, alafu akaniuliza, "Hio barua imesainiwa na nani?"

Barua ndo tunaiandika sasa. Mkutubi kasema atapeleka kwa naibu wa chuo, na mwenye digrii yoyote na anaishi Mombasa akitaka jina lake liwemo, aje saiba.